Gari linazima ukipanda Kadutu

Kaka, nimekuelewa: gari la karbireta, Bukavu chini linatembea vizuri, ukianza kupanda mlima wa Kadutu linakohoa na kuzima, ukingoja dakika tano linawaka tena. Hiyo ni njaa ya esanse (petroli). Bakuli la karbireta, yaani kikombe chake cha kuwekea esanse, linaisha kabla halijajazwa.

Usikimbilie kununua karbireta. Likizima tu, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuu" ya hewa ikivutwa ndani na gari likawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Langu lilinitesa mwezi mzima, kumbe ni udongo kwenye hicho kitundu, chembamba kama cha sindano!

Si hilo? Badilisha filta ya esanse. Kisha jaribu pampu ya esanse: injini ikiwa imepoa, chomoa waya wa koili (inayotoa umeme wa plagi), toa mpira unaoingia karbireta, uelekeze kwenye chupa, mtu apige stata. Esanse iruke kwa nguvu. Ikidondoka matone, pampu imechoka au mpira umepasuka. Iache chupa itulie: maji yakiwemo yatakaa chini, na esanse ya bidoni za barabarani huwa nayo.

Sigara mbali, na usinyonye mpira kwa mdomo. Esanse ikivuja juu ya injini, au oili ikinuka esanse, usiwashe tena, ita fundi.