Ile "Ndiyo" ya Darasa Zima

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema msimamizi wa mazoezi yako ya kufundisha alikaa nyuma ya darasa, akaandika kwamba somo lilikwenda vizuri: andalio limefuatwa, sauti inasikika, zana zipo. Jioni ukasahihisha madaftari, ukakuta zaidi ya nusu ya wanafunzi wamejumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Ndipo ukaniuliza: "Mama, nimwamini msimamizi au niyaamini madaftari? Na huyo mwalimu bora yukoje hasa?"

Yaamini madaftari. Msimamizi hakusema uongo, ila alikuwa akikutazama wewe, nawe ulikuwa ukijitazama mwenyewe. Waliobaki bila wa kuwatazama ni wanafunzi.

Usijilaumu sana, kwani nami nilianzia hapo hapo. Somo langu la kwanza nililikariri hadi mahali pa kutabasamu. Nilimaliza kila kilichoandikwa kwenye andalio dakika sita kabla ya kengele, nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo!" Nikatoka kifua mbele. Kesho yake nikagundua walioelewa hawajazi benchi moja. Mtoto husema ndiyo ili somo liishe, au kwa sababu anaona haya kuwa peke yake asiyejua. Yupo pia anayeamini kweli kwamba ameelewa, na huyo ndiye aliyenitoa jasho miaka yote. Tangu hapo swali lile nililitupa. Badala yake nilitoa hesabu moja fupi, kila mtu aifanye kimya kwenye daftari, nami nikapita katikati ya madawati nikisoma mabegani mwao.

Sasa hiyo 2/5 yako. Mimi ningeifurahia, maana haikutokana na uzembe. Wamejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, kwa kanuni ileile ya namba nzima ambayo imewafaa tangu walipoanza kuhesabu. Ukiwaambia tu "mmekosa, tafuteni kigawe kidogo cha shirika", watakitafuta leo na kukisahau keshokutwa. Waulize kwanza: 2/5 ni kubwa kuliko nusu au ndogo? Watakuambia ndogo. Basi, mtu alikuwa na nusu, akaongezewa theluthi, akabaki na pungufu ya alichokuwa nacho? Hapo nyamaza. Waache wakune vichwa, wabishane, hata kelele zikizidi kidogo. Ukija kuwaonyesha sehemu za sita baada ya hapo, 3/6 na 2/6, watazipokea kama watu waliokuwa wakizitafuta.

Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo mengi ya sayansi, akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kulirudia au kumgeukia mwingine. Walimu waliozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi walianza kupata majibu marefu zaidi, na wale waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Sekunde 3! Ukiwa umesimama mbele ya darasa ni ndefu kama foleni. Mimi nilizihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, na kuna mwanafunzi mtundu aliyenigundua akawa anahesabu pamoja nami.

Kwa hiyo unapoandaa somo, acha nafasi pembeni mwa andalio uandike makosa mawili matatu unayoyatarajia. Kujua hesabu ni kazi moja; kujua mtoto atajikwaa wapi kwenye hesabu hiyo ni kazi nyingine, na hiyo ya pili haimo katika cheti chako. Utaiokota humo humo madaftarini.

Watakuambia pia kwamba ualimu ni wito. Siukatai wito, lakini nimefanya kazi na wenye wito waliofundisha ubao hadi wakastaafu.

Kuhusu ukali sina mengi. Ukisema utarudisha madaftari kesho, yarudishe kesho. Wanakupima hapo kabla hawajakupima kwenye sauti.

Msimamizi akirudi wiki ijayo atakuta darasa lenye ukimya wa ajabu, pengine na andalio lililoishia katikati, na huenda akakupunguzia alama. Chukua alama zako chache, umweleze kwa adabu kwa nini ulisimama pale. Halafu nijibu jambo moja: kati ya waliopata 5/6, kuna aliyeandika jibu tu bila kuonyesha njia? Huyo mwite wa kwanza, umuulize alifikaje.

Mama yako