Mshahara wa mtaalamu wa chakula kiwandani: niliyoyajua kwa kuchelewa

Nilipoajiriwa kuwa mdhibiti ubora katika kiwanda cha maziwa, barua ilitaja mshahara wa shilingi 600,000, nami nikazipangia matumizi zote kabla mwezi haujaisha. Zilizoingia benki zilikuwa 426,000, kwa kuwa mfuko wa hifadhi ya jamii ulikata asilimia 10, Bodi ya Mikopo ikakata asilimia 15 kwa deni la masomo yangu ya Morogoro, na kodi ya mapato ikaondoka na 24,000.

Ukipewa barua ya ajira, angalia kwanza kama kiasi kilichotajwa ni mshahara wa msingi au kimechanganywa na posho, kwa sababu malipo mengine huhesabiwa kutokana na huo msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi iongezewe angalau asilimia 5, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mimi nilikesha zamu za usiku kwa miezi saba bila kudai hata senti, nikidhani ndiyo kazi ilivyo.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kutoweka kumbukumbu. Alfajiri moja liliingia gari la maziwa ambalo laktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, haikuona maji ndani yake, lakini nilipochanganya sampuli na alkoholi kwa kiasi sawa, chembechembe zikaganda kwenye kioo, dalili kwamba maziwa yameanza kuchacha na yangekatika kwenye joto la mashine. Dereva alinibembeleza, msimamizi wa uzalishaji akanung'unika kwamba mitambo inasubiri, nami nikalirudisha gari. Miezi michache baadaye niliomba nyongeza nikiwa na cheti cha chuo tu mkononi, na nikakataliwa kwa dakika tano. Tangu hapo nina daftari la kila mzigo niliouzuia, sababu yake na hasara iliyoepukwa, na ndilo lililonipa nyongeza ya kwanza.

Serikalini ngazi za mshahara zimeshapangwa, hivyo nafasi ya kujadiliana ni ndogo. Viwandani tofauti ni kubwa, hasa kwa wanaouza nje ya nchi, maana shehena ya karanga au mahindi yenye sumukuvu inayozidi kiwango cha Afrika Mashariki, mikrogramu 10 kwa kilo, inaweza kukataliwa yote. Anayeweza kusimamia mfumo wa HACCP, yaani wa kutambua na kudhibiti hatari za chakula katika kila hatua, au ISO 22000, kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula, hadi mkaguzi akaridhika husikilizwa anapotaja bei yake; cheti cha semina ya siku tatu, nionavyo, hakiongezi kitu.

Siku hizi kwenye usaili huuliza ni nani mwenye sahihi ya mwisho ya kuruhusu mzigo utoke ghalani. Kiwanda kimoja kilinijibu kwamba ni idara ya mauzo, nami nikawashukuru kwa chai nikaondoka.