Injini ya mashine ya kusaga iliishiwa dizeli, sasa haiwaki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina mashine ya kusaga mahindi huku Matamba, Makete. Injini ni ya dizeli, silinda moja, ya kupozwa kwa maji. Juzi kijana aliyekuwa zamu aliiacha ikaishiwa mafuta huku foleni ya wateja ipo. Tukaweka lita kumi, tukapiga hendeli mpaka viganja vikachubuka, wapi! Jirani anayejua injini kidogo anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? – Mama mwenye mashine

JIBU: Pole sana mama, na pole kwa kijana na viganja vyake. Hiyo hela ya pampu usiitoe bado. Injini iliyokuwa inasaga vizuri hadi tone la mwisho, pampu yake haifi kwa sababu tu mafuta yameisha. Uwezekano mkubwa ni kwamba imeingiza upepo, yaani hewa imeingia kwenye njia ya mafuta.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inaivuta hewa na kuibana hadi inakuwa moto mkali, ndipo nozeli inapopuliza dizeli na moto unashika. Ili nozeli ifunguke, pampu inapaswa kuisukuma dizeli kwa nguvu inayozidi mara 100 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Dizeli haibonyei, kwa hiyo pampu ikiisukuma kidogo tu, nguvu inafika kwenye nozeli. Hewa inabonyea. Tanki likikauka, bomba hujaa hewa, na kila pampu inaposukuma, hewa inajikunja kisha inajikunjua palepale. Mnaweza kupiga hendeli hadi jioni, nozeli isione tone.

Kabla ya kugusa spana, piga hendeli huku mtu anaangalia ekzosi. Kama hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki ndani. Kama unatoka moshi mweupe lakini haiwaki, dizeli inafika, na tatizo ni jingine: baridi, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) iliyo dhaifu, au nozeli inayovujisha badala ya kupuliza.

Sasa kutoa upepo. Fuata njia ya mafuta kutoka kwenye tanki, usirukie nozeli. Futa kwanza vumbi la unga kwenye kila nati utakayofungua. Hili nalisisitiza, maana nafasi kati ya pistoni ndogo ya pampu na nyumba yake ni finyu kuliko unywele, na chembe moja ya mchanga inaweza kuiua kweli hiyo pampu mnayoambiwa imekufa.

Fungua koki ya tanki. Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye filta. Itatoka povu, kisha dizeli yenye mapovu, kisha dizeli tupu. Ikitoka tupu, kaza. Halafu legeza bolti ya bomba linaloingia kwenye pampu na ufanye vilevile. Tanki la injini kama yako liko juu ya pampu, kwa hiyo mafuta yanashuka yenyewe. Kama hayashuki kabisa hata kwenye filta, usiendelee mbele: koki au filta imeziba. Na hilo hutokea mara nyingi mafuta yanapoisha, kwa sababu injini huvuta uchafu na maji yaliyolala chini ya tanki miaka yote. Badilisha filta, na ikibidi lifungue tanki ulioshe.

Mwisho ni nozeli. Weka mkono wa mafuta, yaani wenzo wa kuruhusu na kuzima mafuta, kwenye nafasi ya kukimbia. Ukiwa kwenye nafasi ya kuzima, pampu haitoi kitu, na nimeshaona watu wakihangaika nusu siku kwa hilo tu. Legeza nati ya bomba upande wa nozeli kama mzunguko mmoja, inua wenzo wa kuachia kompresheni, na kijana azungushe hendeli. Dizeli ikianza kuruka kwa mapigo, bila povu, kaza nati. Zungusha tena usikilize: nozeli iliyopata mafuta hulia “krii, krii”. Ukiisikia hiyo, zungusha kwa kasi, kisha ushushe ule wenzo ili kompresheni irudi, itawaka. Inaweza kukohoa dakika moja kwa upepo uliobaki.

Mama, naomba sana mambo mawili. Mtu asiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayoruka kwa shinikizo. Inapenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo huweza kumfanya mtu apoteze kidole. Akichomwa, aende hospitali mara moja. Pili, asitokee mtu wa kumwaga petroli kwenye mdomo wa hewa ili “kuishtua”. Inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, ikapinda konrodi (chuma kinachoishika pistoni) au hendeli ikamrudia kwa nguvu anayeizungusha.

Ukifanya haya yote na nozeli bado hailii, fungua tena nati ile. Dizeli ikiruka vizuri hapo, mpelekee fundi nozeli akaipime. Isiporuka kabisa, na filta ni safi, hapo ndipo tuizungumzie pampu.

Huko kwenu baridi ni kali, hasa Juni na Julai, na dizeli hupandishwa kwa madumu kutoka Chimala kwenye zile kona 57 za barabara ya mlimani. Dumu likifika, liache litulie usiku kucha, kisha mimina polepole na uache kidogo kilicho chini, maana maji ni mazito kuliko dizeli na ndiko yanakokaa. Mkifunga kazi jioni, jazeni tanki. Likilala nusu tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake. Asubuhi ikigoma kwa baridi, mimina maji ya uvuguvugu kwenye tanki la kupozea, yasiwe ya kuchemka, chuma baridi kinaweza kupasuka. Na ule usiku mnaoona jalidi (umande ulioganda) kwenye majani, yamwageni maji yote ya injini kabla ya kulala, yasije yakagandia ndani na kuipasua.

Mwambie kijana akipe kijiti alama ya nusu tanki, akitumie kupima mafuta kila anapomaliza gunia la tano.