Kusasisha plagini hakumtoi mdukuzi aliyekwisha kuingia

Mkuu, umeuliza kwa nini tovuti yako ya WordPress bado inawapeleka wasomaji kwenye kurasa za kamari ilhali umesasisha plagini zote, yaani zile programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo. Sasisho huziba tundu tu. Faili alilokwisha kupandisha mdukuzi linabaki palepale kwenye seva, na linaendelea kumtii.

Kumbuka yaliyoikuta File Manager, plagini ya kusimamia faili za tovuti, Septemba 2020. Ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Ndani yake mlikuwa na faili la mfano la elFinder, programu ya kupanga faili iliyotumika ndani ya plagini hiyo; faili liliitwa connector.minimal.php-dist. Lilipobadilishwa jina likaishia na .php, seva ikaanza kuliendesha, na yeyote akaweza kupandisha PHP yake, yaani msimbo ambao seva huuendesha, bila hata nywila. Toleo la 6.9 lilipotoka, wavamizi walikuwa wameshatangulia.

Nimesafisha tovuti za wateja zenye dalili kama zako, na huwa naanzia folda ya uploads. Ingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiamrisha kwa maandishi, andika:

find wp-content/uploads -iname '*.ph*'

Humo hukaa picha na PDF, PHP haina kazi yoyote. Plagini nyingine huweka index.php tupu, kwa hiyo fungua usome kabla ya kufuta. Duka moja la mtandaoni lilikuwa na faili lenye jina la picha katikati ya picha za bidhaa, likiishia na .php. Mstari wake wa kwanza ulianza na eval(base64_decode, amri ya kufumbua msimbo uliofichwa na kuuendesha, halafu herufi zisizosomeka hadi mwisho. Ukikuta kitu cha namna hiyo, usiishie kulifuta. Endesha wp core verify-checksums, amri ya WP-CLI inayolinganisha faili za WordPress na zile za asili, kagua orodha ya maadmini, badilisha nywila zote, pamoja na zile funguo za siri za wp-config.php ili walioingia watolewe.

Kisha zuia PHP isiendeshwe kabisa ndani ya uploads. Hapa wengi wanakwama: wanaweka .htaccess, faili la kanuni za folda, na kulala usingizi. Kati ya programu za seva, Nginx haisomi .htaccess hata kidogo, na Apache, tangu toleo la 2.3.9, haiisomi mpaka mpangilio wake wa AllowOverride uiruhusu. Tundu la jQuery File Upload, zana ya kupandisha faili, lililofichuliwa 2018 lilitokana na hilohilo.

Kwa hiyo weka humo faili dogo la PHP linaloandika neno moja, ulifungue kwa kivinjari. Ukipata 403, zuio linafanya kazi; futa faili hilo. Neno likitokea, wapigie wenye hosti leo hii.