Kabla hujaomba kazi ya tabianchi, umewahi kukanyaga tope?

Juzi saa tano usiku mdogo wangu mmoja kaniandikia WhatsApp: "Shikamoo dada. Nina digrii ya mazingira, nimetuma maombi hamsini, hata simu sijapigiwa. Nyie mliingiaje huko kwenye tabianchi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hamsini! Mimi nilituma pungufu ya hayo na nililia.

Nilimaliza chuo 2015, mwaka ule ule wa Makubaliano ya Paris, nchi zilipoahidi kuzuia joto la dunia lisipande kupita kiasi. Kila mtu alikuwa anaimba nyuzi joto 1.5, nami nikaamini ajira zitanifuata mlangoni. Nikaenda kujitolea kwenye shirika moja Dar, silitaji, wenyewe wanajijua. Miaka miwili ya kupanga viti vya warsha na kusainisha watu posho. Nafasi ilipotangazwa akaletwa kijana asiyejua kutofautisha kuhimili athari za tabianchi na kupunguza gesijoto zinazozileta. Nikaambiwa nimwelekeze kazi. Nikamwelekeza. Sitawadanganya, hadi leo inauma.

Kilichonitoa ni tope la Rufiji. Mradi fulani ulitaka watu wa kupima mikoko kwa wiki tatu, posho ya nauli na ugali. Wenzangu walikataa. Siku ya kwanza nikazungushia mkoko tepu kwenye urefu wa mita 1.3 kama vitabu vinavyosema, kumbe nakumbatia mizizi. Mzee aliyetuongoza akanitazama: "Mwanangu, hiyo ni miguu. Mti wenyewe unaanzia huko juu." Na ni kweli: mkoko unapimwa juu ya mzizi wa mwisho unaotoka kwenye shina. Mzee yule hana cheti hata kimoja, lakini alinitenganishia msinzi, mkandaa, mchu na mlilana kwa kupapasa gome tu. Akanionya pia kwamba maji ya bamvua yakianza kujaa hayasubiri mtu. Sikumsikia. Yakanikuta ndani, nikakaa juu ya tawi nusu siku, fomu zangu za vipimo nimezifunga kwenye kanga kichwani.

Fomu hazikulowa. Jioni wengine wakipumzika, mimi nikaanza kujifunza vipimo vile vinavyogeuzwa kuwa hesabu ya hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti: unene wa shina unakupa uzito wa mti, karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Hesabu hizo ndizo zinazonilisha.

Miaka ya katikati naiacha, ilikuwa mikataba ya miezi sita sita. Zilipotoka kanuni za biashara ya kaboni Tanzania mwaka 2022, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayozuiwa au kuhifadhiwa, mfano kwenye misitu, ghafla wanaojua hesabu hizo wakawa wanatafutwa kama sukari mwezi wa Ramadhani. Na nani akapiga simu? Shirika lile lile. Nikawatajia bei yangu. Walilipa.

Kwa hiyo mdogo wangu, futa neno "shauku" kwenye barua yako ya maombi. Hakuna mwajiri anayelipa shauku. Andika unachojua kupima. Hujui kupima chochote? Jifunze. QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, ni ya bure, pakua leo uanze kuchora ramani ya kata yenu. Na usidhani wanaotakiwa ni wa digrii ya mazingira peke yao. Pale Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko kwa miaka sasa, na fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Kazi kama ile inataka mtunza vitabu, inataka mtu wa kusimama mbele ya kijiji akaeleza hela zimekwenda wapi, inataka mwanasheria wa kusoma mkataba kabla wazee hawajaweka dole gumba. Vijana wetu wanataka kupanda ndege kwenda kwenye mikutano. Mkutano utakuja. Kwanza jua kupima, nimesema na narudia, jua kupima! Kizazi hiki kinapenda beji shingoni kuliko matope miguuni, na hilo linanikera.

Hayo yote nimemwandikia, ujumbe mrefu kama barua ya posa. Asubuhi akajibu: "Asante sana dada. Ila hakuna kozi fupi ya mtandaoni inayotoa cheti?"

Bado sijamjibu.