Bia nzito ya Kibelgiji imelala chupani: niongeze sukari?

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Leuven, nimeanza kupika bia nyumbani. Nilipika lita 19 za bia nyeusi nzito ya Kibelgiji, ikafika asilimia 10 ya kileo. Ilikaa kwenye dumu la kioo miezi minne, ndipo nikaijaza kwenye chupa 57 za mililita 330 pamoja na gramu 150 za sukari ya kawaida niliyoichemsha kwenye maji kidogo. Sasa ni wiki ya tano, chupa ziko stoo ya chini ya ardhi. Nikifungua nasikia "psi" hafifu, povu hakuna, na bia ina utamu. Niongeze sukari? Halafu, bia kama hii inatunzwa muda gani? Desemba natamani kumpelekea mama chupa kadhaa Moshi.

Jibu: Dada, usiongeze hata kijiko. Huo utamu unaousikia ndiyo sukari yako yenyewe, imo humo humo, haijaliwa. Kinachokosekana ni mlaji, yaani hamira, inayoila sukari na kutoa gesi.

Hesabu yako uliipatia. Gesi ya bia tunaipima kwa ujazo: ujazo 1 ni lita 1 ya gesi iliyoyeyuka katika lita 1 ya bia. Bia iliyomaliza kuchacha kwenye nyuzijoto 20 hubaki na ujazo wa 0.85 hivi, na kila gramu 4 za sukari kwa lita huongeza karibu ujazo 1. Wewe umeweka kama gramu 8 kwa lita, kwa hiyo jumla ingefika 2.8. Bia nzito za Ubelgiji nyingi hucheza kati ya 3 na 4. Yako ingekuwa mpole kidogo, basi.

Sasa piga picha umeongeza gramu 150 nyingine, halafu hamira ikaamka na kula zote. Ujazo wa 2.8 kwenye joto la sebuleni husukuma kioo kwa nguvu kama ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. Karibu na 5, nguvu hiyo huwa mara mbili. Chupa ya kawaida ya bia haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi niliwahi kuokota vipande vya kioo juu ya kabati la vyombo, upande wa pili wa jiko, na tangu siku ile kreti zangu hufunikwa blanketi zito.

Turudi kwa mlaji. Miezi minne dumuni, hamira nyingi ilishuka chini, na ulipohamisha bia ukaiacha na mashapo, kama inavyotakiwa. Iliyobaki ikielea ni chache, imechoka, na imezungukwa na kileo cha asilimia 10. Hiyo ndiyo uliyoipa kazi mpya, tena kwenye baridi ya stoo. Stoo hizo ni nzuri kwa kutunza bia, si kwa kuiamsha. Watengenezaji wa Duvel, bia ya Kibelgiji ya asilimia 8.5, huweka chupa zao kwanza kwenye ghala la nyuzijoto 24 kwa wiki mbili, ndipo zinahamia kwenye baridi kwa wiki sita zaidi.

Kwa hiyo anza na lisilo na gharama. Panda na chupa zote chumbani, kwenye nyuzijoto 22 hadi 24. Pindua kila moja kichwa chini taratibu hadi ule utando mweupe wa chini upae, kisha isimamishe. Rudia baada ya siku mbili tatu. Subiri wiki tatu, fungua moja.

Ikiwa bado imelala, ongeza hamira. Nunua pakiti ya hamira kavu ya shampeni. Aina iitwayo EC-1118 inapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya kupikia bia na mvinyo, na inavumilia kileo kikali kuliko kilichomo kwenye bia yako. Ya mkate iache jikoni. Uzuri wa hamira za mvinyo ni kwamba zinamaliza sukari uliyoongeza bila kuhangaika na ile ngumu iliyobaki ya kimea, kwa hiyo hesabu yako ya 2.8 inabaki ile ile. Loweka gramu 2 katika mililita 60 za maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, acha dakika 15, koroga. Kwa bomba la sindano safi, lisilo na sindano, tia mililita 1 kila chupa na ufunge papo hapo kwa kizibo kipya. Usimimine, usitikise: oksijeni ikiingia sasa, baada ya mwaka utakunywa bia yenye ladha ya karatasi iliyolowa. Vaa miwani na glavu.

Safari ijayo, tia gramu 2 hizo siku ile ile ya kujaza chupa. Na jaza chupa moja ya soda ya plastiki pamoja na zile za kioo. Ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe, gesi imeshapatikana, wala hukufungua bia hata moja.

Kuhusu kutunza: gesi ikikamilika rudisha chupa stoo, gizani, zikiwa zimesimama wima. Nyuzijoto 10 hadi 14 zinatosha. Bia nyeusi nzito ikiwa changa huunguza koo kidogo. Baada ya miezi sita hadi mwaka ule ukali hutulia na ladha ya zabibu kavu na tende huanza kujitokeza. Miaka mitatu au zaidi inawezekana kama vizibo viliingia sawasawa. Chimay ya bluu, bia nyeusi nzito ya Kibelgiji, huandikwa mwaka kwenye lebo kwa sababu hiyo hiyo, watu huitunza. Tripel, ile bia nzito ya Kibelgiji ya rangi ya dhahabu, ni habari nyingine, mimi huimaliza ndani ya mwaka maana harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, haikai. Andika tarehe juu ya kizibo kwa kalamu ya wino mzito, na ujizuie. Hilo la mwisho ndilo gumu, hasa kwa mtu aliyekulia kwenye mbege, ambayo ukiiacha siku chache tu imekuwa siki.

Za mama: chagua chupa nzito, kila moja ndani ya soksi na mfuko wa plastiki, ziende kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Usizibebe hadi gesi iwe imekamilika na angalau mbili ulizojaribu zimefunguka vizuri. Ukifika zisimamishe siku tatu mahali pa baridi, maana mashapo yatakuwa yamevurugika, na siku ya kufungua zitoke kwenye friji. Mimina polepole kwenye glasi pana na bakiza chupani bia ya kina cha kidole kimoja, pamoja na mashapo. Mama akisema mashapo ndiyo yenye utamu, mwachie, hayamdhuru.