Vidonge vya basini au mboga za sokoni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Arua. Nikiwa safarini kutoka Kampala, muuzaji mmoja alitutangazia ndani ya basi vidonge vya antioksidanti, akidai kwamba kimoja kwa siku hulinda seli za mwili kuliko mboga zozote. Mimi huchemsha mboga za majani kama dodo na nakati kwa muda mrefu, kisha humwaga maji yake. Je, ninunue vidonge hivyo?

JIBU: Dada yetu, usivinunue; fedha hizo zipeleke sokoni. Seli zinapotumia chakula kupata nguvu, huzalisha molekuli zisizotulia ziitwazo radikali huru, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwa jirani zao na hivyo kuharibu utando wa seli, protini na hata chembe za urithi. Moshi wa sigara huziongeza. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuzituliza, na mboga huongeza nguvu hiyo kwa antioksidanti, yaani vitu vinavyozituliza radikali hizo, kama vile vitamini C, vitamini E na karotenoidi (rangi za asili za mimea). Tazama matoke uliyoyamenya: yakikaa wazi hugeuka meusi kwa sababu ya oksijeni, lakini ukiyapaka ndimu hukawia kubadilika.

Kuhusu vidonge, ushahidi unatisha. Nchini Ufini, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba saratani ya mapafu iliwapata waliomeza miligramu 20 za betakarotini, aina mojawapo ya karotenoidi, kila siku kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiozimeza. Utafiti kama huo wa Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kabla ya muda wake. Kwa maoni yangu, kiambato kimoja kilichotengwa na kumezwa kwa wingi hakiwezi kuhesabiwa kuwa sawa na jani zima.

Sasa tuje kwenye sufuria yako, maana hapo ndipo unapopata hasara. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto, na magadi huimaliza upesi zaidi; kwa hiyo yale maji ya kijani unayomwaga yamebeba sehemu kubwa ya ulichonunua. Osha majani kabla ya kuyakata, yapike kwa maji kidogo na kwa dakika chache, au uyafunge kwenye jani la mgomba na kuyaweka juu ya matoke yaive kwa mvuke, kama wafanyavyo Waganda. Karotenoidi, kwa upande wake, huhitaji mafuta ili mwili uzifyonze, ndiyo maana kuunga mboga kwa karanga au simsim (ufuta) ni jambo la maana sana, wala si suala la ladha tu. Nyanya zilizopikwa kwa mafuta hutoa likopeni, karotenoidi nyingine, kwa urahisi kuliko mbichi. Watoto wape pia viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo vilimfanya mtafiti wetu wa Uganda, Robert Mwanga, awe miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki ambavyo mjamzito hupewa kliniki ni suala tofauti kabisa, hivyo visiachwe.